Klabu ikitoa "Thank You" ni utaratibu, mchezaji akitoa ni usaliti?

Ukimya ulikuwa wa testi mbili mfululizo na asaimenti ya kikundi ambayo kikundi chenyewe ni mimi peke yangu.... tuyaache hayo. Leo nina jambo moja tu moyoni, nalo ni hili neno MSALITI.

Kila dirisha la usajili likifunguliwa neno hili linatolewa kabatini na kufutwa vumbi. Hosteli linasemwa, mgahawani linasemwa, na nikirudi nyumbani Soga nalikuta limeshafika kabla yangu. Tangu SGR ianze kusimama pale 2024, nadhani nalo linakata tiketi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mtu asije akasema namzungusha: mchezaji anayehama klabu sio msaliti, na shabiki anayemtukana mchezaji kwa sababu kahama, huyo amechanganya mapenzi na umiliki. Kama unataka kununa, nuna, ila soma kwanza mpaka mwisho.

Tuchukue kesi ambayo wote tunaijua. Feisal Salum, Fei Toto. Kijana wa Zanzibar, katoka JKU, Yanga wakamchukua 2018. Alicheza pale miaka ile ambayo Simba walikuwa wanabeba kombe kila msimu na Jangwani hali ilikuwa ngumu kweli kweli. Alivumilia. Mwishoni mwa Desemba 2022, katikati ya msimu, timu ikiwa inaongoza ligi, akawaaga mashabiki kwenye ukurasa wake na kusema mkataba ameuvunja. Akaingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu kama fidia. Yanga wakakataa. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba marejeo, akagonga mwamba. Ikafika hatua ya kuomba wananchi wamchangie aende CAS. Familia yake ikalalamika hadharani kwamba kijana alikuwa akila ugali na sukari. Mwisho wa yote, Juni 2023, Rais Samia akawaalika Yanga Ikulu baada ya ile fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, akawaambia wayamalize na huyo kijana. Siku chache baadaye ikatangazwa kauzwa Azam.

Sasa mnakumbuka mashabiki walivyokuwa miezi ile sita? Mimi nakumbuka vizuri sana. Pale Soga kuna kijana wa bodaboda alikuwa na stika ya Fei mbele ya pikipiki yake, akaibandua kwa kisu mbele ya abiria. Jezi zenye jina la Feisal mgongoni zikawa za kufutia cheni. Matusi yakatoka kwa mchezaji yakahamia kwa mama yake. Ugali na sukari ukawa utani wa nchi nzima. Mtu anakula ugali na dagaa wa jana, lakini anamcheka mwenzake kwa sukari!

Hapo ndipo ninapouliza: usaliti ni nini hasa?

Kila mwisho wa msimu, Juni na Julai, klabu zetu zinaweka picha ya mchezaji na maneno makubwa "THANK YOU". Tumelizoea hilo neno mpaka limekuwa Kiswahili: fulani kapewa thank you. Mchezaji mwingine ana mke, ana watoto wanasoma, ana kodi ya nyumba, na anapewa thank you huku mkataba wake haujaisha. Mashabiki wanafanya nini? Wanahesabu! "Leo wametoka watatu, kesho watoke wanne, timu isafishwe." Kusafishwa, kama vile hao watu ni takataka za uwanjani. Hakuna anayesema klabu imesaliti.

Fei alichofanya ni kutoa thank you upande wa pili. Ghafla tukagundua kwamba kuna kitu kinaitwa uaminifu!

Najua mtanijibu: mkataba. Sawa kabisa, na hoja hii siikimbii. Mkataba ni mkataba. Kanuni za FIFA zinasema mkataba hauvunjwi na upande mmoja katikati ya msimu bila sababu ya msingi, na anayeuvunja analipa fidia. Huwezi kuamka asubuhi, ukaweka hela benki na kusema umemaliza. Kwa hiyo Yanga kupigania haki yao ni sahihi, na hata mimi ningekuwa kiongozi ningepigania. Lakini angalieni vizuri hapo. Kuvunja mkataba ni deni, na deni lina kamati yake, lina fidia yake, lina adhabu yake. Ukishindwa unalipa, mnamalizana. Ni wapi kanuni zimesema adhabu mojawapo ni kutukanwa mama? Ni ibara ya ngapi?

Halafu hiyo hoja ya mkataba haina ukweli midomoni mwetu, na ushahidi ninao. Julai 2024 Clatous Chama alitoka Simba akaenda Yanga. Mkataba wake Simba ulikuwa umekwisha. Hakuvunja kitu, hakudaiwa kitu. Alimaliza kazi yake akatafuta kazi nyingine, kama mwalimu anavyotoka shule ya binafsi hii akaenda ile. Je, alisamehewa? Wapi! Wale wale waliomwita Mwamba wa Lusaka miaka yote ile, kulikucha wakamwita mzee, kaisha, na mara hii matusi yalitoka Msimbazi. Kumbe mkataba haukuwa tatizo. Ukiuvunja ni msaliti, ukiumaliza ni msaliti. Sasa mtu aondoke vipi ndio mfurahi? Kwa jeneza?

Ushahidi wa pili ni Bernard Morrison. Agosti 2020 alitoka Yanga akatua Simba, Yanga wakapeleka kesi mpaka CAS, na Novemba 2021 wakashindwa. Alitukanwa yule bwana mpaka matusi yakaisha, ikabidi yaanze kurudiwa. Mwaka 2022 akarejea Yanga. Wale wale wakampokea kwa shangwe! Sasa msaliti gani huyo anayeacha kuwa msaliti siku anaposaini kwako? Neno likiwa na maana moja asubuhi na nyingine jioni, hilo sio neno, ni hasira tu.

Hoja ya pili ninayoisikia sana hosteli: "Tumemlea sisi." Jamani! Nani kamlea nani? Chumba changu kuna mtu hajawahi kununua hata jezi halali, anavaa ya Kariakoo ya elfu kumi, mechi anaangalia kibandaumiza kwa mia tano, lakini anasema kamlea Fei. Mchezaji anapofika klabu kubwa ameshalelewa na mama yake, na kocha wa mtaani asiyelipwa, na uwanja wa vumbi. Klabu inamnunua akiwa tayari. Klabu inampa mshahara, yeye anatoa jasho. Wanalingana. Hakuna anayemdai mwenzake shukrani ya milele.

Hebu tuongee kinyumbani. Vijana wengi wa Soga na wale wa upande wa Kisarawe walifanya vibarua wakati reli ya kisasa inajengwa kuanzia 2017. Kazi ilipoisha waliambiwa kazi imeisha, wakarudi nyumbani, wengine wakanunua pikipiki, wengine wakarudi shamba. Na wako walioacha katikati kwa sababu walipata kibarua chenye posho nzuri zaidi Mlandizi au Dar. Kuna mtu aliyewaita wasaliti? Mzee mmoja pale kijiweni, Yanga wa kufa, mwanawe aliacha kibarua hivyo hivyo na yeye mwenyewe alimsifu mbele zetu kuwa "kijana ana akili". Nikamwambia, "Shikamoo mzee, sasa na Fei naye si ana akili?" Akanitazama, akasema, "Marahaba mwanangu, lakini mpira ni kitu kingine."

Mpira ni kitu kingine. Hilo ndilo jibu tunalopewa wote na hakuna anayelifafanua. Kwa anayeangalia, ni kitu kingine kweli: ni raha, ni utani, ni kijiwe. Kwa anayecheza ni kazi, tena kazi fupi kuliko zote. Sisi tukimaliza chuo, kama hatujadisko, tuna miaka thelathini ya kutafuta riziki. Mchezaji ana kumi au kumi na mbili, goti likikubali. Miaka miwili akikaa mahali hataki, ametoa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Tena sisi wanachuo ndio tusingetakiwa kuongea kabisa. Mwaka wa kwanza TCU wanafungua dirisha la uhamisho, watu wanahama chuo na wanahama kozi. Mtu anatoka ualimu anakwenda sheria, anaagwa kwa soda. Hakuna lekchara aliyechana picha yake.

Na kwa wale wapenda kikapu, tazameni Marekani. Kwa miaka mingi mchezaji wa chuo akihama chuo kingine alikuwa anakaa benchi mwaka mzima bila kucheza. Kocha wake yeye anaweza kuondoka kesho kwenda kwenye mshahara mkubwa na kesho kutwa anafundisha! Mwaka 2021 walibadilisha, mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na 2024 wakaondoa hata hicho kikomo cha mara moja. Mashabiki kule nao wanalia kwamba uaminifu umekufa. Wakati wa makocha kuhama uaminifu ulikuwa hai, eti?

Hasheem Thabeet wetu alikaa UConn miaka mitatu, akaondoka mwaka mmoja kabla ya kumaliza ili aingie NBA. 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kwa nchi nzima. Hapa tulishangilia! Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe 2011, kisha Genk 2016, kisha Aston Villa 2020. Kila alipohama tulipiga vigelegele, Simba kwa Yanga. Hakuna aliyesema kasaliti Msimbazi. Kwa hiyo kumbe kuondoka kwenyewe hakutuumizi. Kinachotuuma ni kwamba akienda Ubelgiji hakuna jirani atakayetucheka, ila akienda Chamazi au mtaa wa pili, kesho asubuhi kijiweni tunachekwa. Tunamwadhibu kijana wa watu kwa sababu ya aibu yetu sisi mbele ya muuza kahawa. Huo ndio ukweli na hauna sukari.

Na historia yenyewe inatucheka. Yanga ilianzishwa 1935. Simba ikaja 1936, na kwa simulizi za wazee ilitokana na watu waliojitenga na Yanga. Mwaka 1976 mgogoro wa Yanga ukazaa Pan African. Kama kuhama ni usaliti basi utani wetu wote wa jadi ni mtoto wa usaliti!

Mtauliza, kwa nini namwaga wino hivi kwa jambo lililokwisha? Fei alishakwenda Azam, msimu wa 2023/24 akafunga mabao 19, mawili tu nyuma ya Aziz Ki aliyekuwa mfungaji bora, na Azam wakamaliza wa pili. Yanga nao walibeba ubingwa bila yeye. Kila mtu kapona. Ndio, lakini kuna ambao hawajapona na ndio wanaonifanya niandike.

Nyumbani Soga kuna dogo ana mguu wa kushoto wa ajabu. Kocha mmoja akataka kumpeleka kwenye majaribio ya timu ya vijana. Mama yake kakataa. Nilijaribu kumwombea, nikamwambia mama, hii nafasi ni ya kazi. Akanijibu taratibu huku anapeta mchele: "Mwanangu, si uliona walivyomfanya mama wa yule kijana wa Zanzibar? Mimi nina presha." Sikuwa na la kumjibu. Kwa hiyo matusi yale yaliyotupwa kwa Fei yametua kwenye uwanja wa vumbi wa Soga, yamempata mtoto ambaye hata hajasaini mkataba wowote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Ipende klabu, hiyo ni yako na hakuna atakayekunyang'anya. Mchezaji mshangilie akiwa kwako, mzomee akikufunga, hiyo ni ladha ya mpira. Akivunja mkataba, mwache kiongozi wako aende kwenye kamati. Akiumaliza, mpe mkono. Mama yake mwacheni apike ugali wake na mboga anayoitaka.

Na siku klabu yako itakapobandika ile picha ya "Thank You", kabla hujaanza kuhesabu nani anafuata, jiulize kama huyo naye hana haki ya kuibandika ya kwake.

Naomba kutoa hoja. Mwenye ya kwake alete, ila matusi aache nje kama viatu msikitini.