Mwuza Dawa Asiyeuliza

Ewe msomaji, iko sifa moja itolewayo kila siku katika miji na vijiji vyetu ambayo mimi naiona kuwa ni ya hatari. Watu husema, "Fulani ni mwuza dawa mwema. Haulizi mengi. Ukitaka vidonge vinne hukupa vinne, ukitaka viwili hukupa viwili." Sifa hii naikataa, na nakuomba uikatae pamoja nami.

Anunuaye sukari huijua kwa kuionja. Anunuaye dawa hana ulimi wa kumwambia iliyo njema na iliyo mbaya. Mwaka 1937, huko Marekani, kampuni moja iliyeyusha dawa ya salfa katika kimiminiko kitamu kiitwacho daithilini glaikoli, ikaiuza bila kuichunguza kama ina sumu. Kimiminiko kile huua figo, na watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto. Mwaka 1990 sumu hiyo hiyo iliua watoto katika Nigeria ndani ya dawa ya homa, na mwaka 2022 ilipatikana katika dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 katika Gambia. Miaka 85 ilipita kati ya msiba wa kwanza na huo wa Gambia, na ulimi haukumwonya mtu hata mara moja.

Ndiyo maana Kenya ina Sheria ya Famasia na Sumu, iliyoanza kutumika mwaka 1957, na Bodi yenye kazi ya kuwaandikisha wafamasia na kukagua maduka yao. Asiyeweza kuipima dawa kwa macho hana budi kupimiwa na mtu aliyesoma. Basi mtu huyo akinyamaza, elimu yake yatufaa nini?

Tazama pia habari ya nusu dozi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba dawa isiyotosha huvizoeza viini kuishinda. Viini dhaifu hufa. Vyenye nguvu husalia, vikazaana. Mgonjwa huona nafuu siku ya pili, akaridhika. Maradhi yakimrudia, huweza kumwambukiza jirani ugonjwa usiosikia tena dawa ile. Aliyemwuzia vidonge viwili amempa faraja ya siku mbili, na kijiji kizima amekipunguzia silaha.

Najua nitajibiwa, "Je, maskini mwenye shilingi hamsini afanyeje?" Swali hili ni la haki, wala silidharau. Lakini ni nani amfaaye maskini huyo? Mara nyingi ana mafua tu, na mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa za kuua bakteria haziviwezi kabisa. Mwuza dawa anayeuliza atalijua hilo, naye maskini atarudi nyumbani na shilingi zake. Ikiwa kweli anahitaji dawa, ataonyeshwa iliyo sawa na ile ya jina kubwa kwa bei nafuu, au ataelekezwa zahanati ya serikali. Asiyeuliza huzitwaa shilingi hamsini, na ugonjwa akauacha pale pale. Huo ndio wema tunaousifu?

Maneno haya nawaambia ninyi vijana hasa, kwa kuwa ninyi ndio mtumwao dukani na wazazi. Mwingiapo, tazameni kama cheti cha usajili kimetundikwa mahali pa wazi. Someni tarehe ya mwisho ya dawa. Ikataeni dawa iliyoanikwa juani dirishani, kwa maana joto huiharibu. Na mwuza dawa akiuliza umri wa mgonjwa, au kama ana mimba, au dawa nyingine anazotumia, au akitaka cheti cha daktari, msimnunie wala msimdanganye. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Akikataa kuuza, mshukuruni. Amepoteza faida ya siku hiyo kwa ajili ya mtu asiyemjua. Siku tutakapojifunza kumsifu huyo, na kumpita mwenzake asiyeuliza, maduka mabaya yatafungwa kwa kukosa wanunuzi, hata kabla mkaguzi hajafika.