Mkanda wa Taiming: Ubadilishe Mwenyewe au Umwachie Fundi?

Jumamosi asubuhi, parking ya Nyayo Highrise hugeuka gereji. Boneti ziko juu, simu imeegemezwa kwenye betri ikicheza video, na majirani watatu wanatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Huyu anabadilisha oili, yule plagi, mwingine filta ya hewa. Sisi tunaunga mkono kabisa. Shilingi uliyookoa ni shilingi uliyopata.

Lakini mwezi uliopita, mwenzetu mmoja wa hapa ofisini, anayeishi mtaa huo, alitaka kwenda mbali zaidi. Alikuwa amenunua Subaru Forester ya zamani kutoka kwa mtu, injini ya EJ20, bila karatasi yoyote ya kuonyesha mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Fundi wa Kawangware akamwambia ufundi ni 6,000, spea kando. Jamaa akaruka: "Elfu sita ya kufungua na kufunga tu? Si hata mimi naweza!"

Tulibishana wiki nzima. Haya ndiyo maoni tuliyofikia, na tunayasema waziwazi: kwa wengi wetu, mkanda wa taiming si kazi ya kujifunzia parking. Lakini hiyo haimaanishi umpe fundi ufunguo na pesa zote, kisha uende zako.

Kwanza, jua kama unao

Watu wengi wanaogopa kitu ambacho hawana. Ukiendesha Probox, Fielder au Vitz yenye injini ya 1NZ, gari lako lina cheni, si mkanda. Cheni huogeshwa na oili ya injini, kwa hivyo kazi yako kubwa ni kubadilisha oili kwa wakati. Subaru nazo zilihamia cheni zilipoingia injini za FB, kuanzia mwishoni mwa 2010. Na kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, mikanda mingi iliyobaki mtaani iko kwenye magari ya zamani yanayouzwa mkono kwa mkono, na kwenye dizeli kama zile Hiace za matatu zenye injini ya 1KD.

Kama gari lako lina mkanda, tafuta kibandiko ndani ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Gereji nyingi za Japani huandika hapo tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Magari mengi ya Kijapani huhesabiwa kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Usipopata kibandiko wala risiti, chukulia kwamba haujawahi kubadilishwa.

Elfu sita inalinda nini?

Mkanda huu ndio unaozifanya shafti za injini zizunguke kwa pamoja: krankishafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti zinazofungua na kufunga vavu. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, bila kukosea hata jino moja. Kwenye dizeli na kwenye EJ20 nyingi, mkanda ukikatika pistoni hupanda na kukuta vavu bado ziko wazi. Vavu hupinda, na silinda hedi lazima ifunguliwe. Fundi yule yule alikadiria kazi hiyo ingeanzia elfu sitini. Na huwezi kuchagua ikupate wapi. Inaweza kuwa katikati ya Barabara ya Mbagathi saa moja asubuhi.

Ubaya ni kwamba mkanda uliofungwa vibaya unaweza kukuletea hasara ile ile ya mkanda uliokatika. Kwenye EJ20, gia ya krankishafti ina mshale unaoonekana vizuri, na pia ina kijistari kidogo pembeni. Anayefunga kwa mara ya kwanza hufuata mshale. Alama sahihi ni kile kijistari. Tenshana nayo ni ya haidroliki: lazima ibanwe polepole kwenye jiliwa kisha izuiwe kwa pini. Ukiibana kwa haraka unaweza kuiharibu, na ni mpya, umetoka kuilipia.

Mwenzetu alikuwa ametazama video nne. Tulipomuuliza atafuata alama ipi, akasema mshale.

Je, kuna anayeweza kufanya mwenyewe? Yupo. Kama umewahi kuifanya ukiwa na mtu anayeijua, una kitabu cha injini yako hasa, una spana ya kupima nguvu, na unaweza kukaa siku tatu bila gari, endelea. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo, hiyo 6,000 ni bei nzuri.

Kazi ambayo ni yako

Kazi yako ni kusimamia pesa na kusimama pale kazi ikifanywa.

Nunua spea mwenyewe. Mwenzetu alikwenda Kirinyaga Road na kulipa 18,000 kwa seti: mkanda, tenshana, idla na wota pampu. Usiache pampu nje ya hesabu. Kwenye injini hii inazungushwa na mkanda huo huo, na ikifa baada ya miezi sita utalipa ufundi upya. Lipa kwa till ya duka, si kwa namba ya "kijana wetu" anayekusindikiza. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Ukikosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, kabla pesa hazijatolewa.

Gawanya malipo ya ufundi. Tuma nusu akianza, na nusu baada ya mambo matatu: injini imezungushwa kwa mkono kwa spana mizunguko miwili kamili ya krankishafti bila kugota popote, imewashwa, na umeliendesha gari mwenyewe. Fundi mzuri hatakasirika. Ukisema mapema, kabla hajashika spana, hakuna atakayeona unamshuku.

Hifadhi ujumbe wa malipo. Siku hiyo hiyo andika kilomita za gari pembeni yake, kisha upige picha mkanda wa zamani. Mwenzetu alinunua gari lisilo na historia, ndiyo maana akaingia wasiwasi huu wote. Siku akiliuza, atakayelinunua atajua mkanda ulifungwa lini, kwa kilomita ngapi, na spea zilitoka wapi.

Na pesa zitoke wapi?

Jumla ilikuwa 24,000. Ukiweka 200 kila siku kwenye pochi ya akiba, unafika baada ya siku 120. Tunajua kampuni kama yetu hupata faida mteja akikopa, lakini tutasema tu: mkanda wa taiming haufai kuwa sababu ya mkopo wa simu. Tofauti na panchari, huu hutoa notisi ya miaka. Anayesubiri hadi ukatike atakopa elfu sitini na zaidi, huku gari lililokuwa likimwingizia pesa limelala.

Mwisho wa hadithi? Fundi alikuja parking Jumamosi moja. Mwenzetu alishika tochi, akapanga bolti kwenye kibao, akauliza maswali hadi fundi akacheka. Mkanda ulipotoka, mgongo wake ulikuwa umejaa nyufa, na pampu ilikuwa imeanza kuvuja. Akaonyeshwa kile kijistari kwa kidole. Saa kumi jioni injini ilizungushwa mara mbili kwa mkono, ikapita bila kugota. Ikawashwa, akaiendesha hadi Kibera na kurudi. Ndipo akatuma ile 3,000 iliyobaki.

Anasema mkanda unaofuata atafunga mwenyewe, fundi akishika tochi. Hilo tutalijadili baada ya kilomita 100,000. Wewe leo fungua boneti, utafute kibandiko.