Oktoba Yetu ni ya Zambarau

Kila mwaka, Oktoba ikishafika katikati, madirisha ya shule fulani za chekechea hapa Nairobi huota upele. Yanatoka majani ya rangi ya machungwa, popo wa karatasi nyeusi, mizuka ya pamba na malenge yenye meno. Ni Halloween, sherehe ya tarehe 31, na watoto wa miaka minne wameketi sakafuni na makasi butu wakikata kile mwalimu alichokiprinti.

Nina ugomvi na madirisha hayo. Lakini usinipange kwenye foleni isiyo yangu. Wahubiri wanaokemea roho chafu za popo wa karatasi hawajawahi kunishawishi. Karatasi ni karatasi. Wala sisemi kila kilichotoka nje kirudi kwao. Chapati ilitoka nje, na ole wake atakayeigusa yangu. Ugomvi wangu ni huu: tunamfundisha mtoto kupamba dirisha bila kuchungulia.

Tuanze kule sherehe ilikotoka. Nchini Ireland, usiku wa kuamkia Novemba 1, watu wa kale walifunga msimu wa mavuno na kuupokea msimu wa giza. Waliuita Samhain. Kule kaskazini giza si hadithi. Mwaka ukizeeka, jua linatua mapema zaidi kila siku na miti inapukutisha majani. Baadaye wanakijiji wakawa wanachonga tanipu, wanaipa macho na mdomo, kisha wanawasha taa ndani yake. Kwa nini tanipu? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa shambani, basi.

Katika karne ya 19, hasa njaa kuu ya miaka ya 1840 ilipowafukuza makwao, Waairishi walihamia Marekani kwa wingi. Huko wakakuta malenge, zao la bara lile, kubwa kuliko tanipu na rahisi kuchonga. Wakashika malenge. Hawakukaa bandarini kungoja meli ya tanipu kutoka nyumbani.

Hilo ndilo somo zima la Halloween: shika kilicho mbele yako. Sisi tumekuja tukashika kilicho mbele yao.

Sasa angalia kilicho mbele yetu. Nairobi iko chini kidogo tu ya ikweta. Jua la Oktoba linachomoza na kutua karibu saa zile zile za Machi, na hakuna msitu unaogeuka rangi ya machungwa kwa sababu kalenda imesema. Kinachotokea ni kwamba jakaranda zinafurika maua hadi lami inakuwa zambarau. Na jakaranda yenyewe ni mgeni kutoka Amerika Kusini, kwa hivyo usiniambie napigania usafi wa asili. Tofauti ni kwamba huyu mgeni ameota hapa. Mtoto anakanyaga maua yake akienda shule.

Halafu mawingu yanakusanyika na mvua za vuli zinaanza. Usiku, mvua ikishanyesha, kumbikumbi wanavamia dirisha lenye taa, na asubuhi unafagia mabawa. Kama unataka kitu cha kutisha na kupendeza kwenye kioo cha dirisha, si ndicho hicho? Tena bila kuprinti.

Hata neno lenyewe limetuponyoka. Vuli kwetu ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka. Watafsiri wakalichukua wakaliita msimu wa Ulaya wa majani kupukutika. Sawa, maneno husafiri. Lakini ni kichekesho mtoto kuonyeshwa jani kavu la karatasi na kuambiwa hiyo ndiyo vuli, huku vuli yenyewe inapiga mabati juu ya kichwa chake.

Mimi ni mtu wa vibarua; chuo niliacha karo iliponishinda. Mwaka juzi nilipata kibarua cha wiki moja cha kusaidia vipindi vya sanaa katika shule mojawapo. Msichana wa PP2 alipaka jani lake zambarau. Akaambiwa arudie, eti jani la Oktoba ni la machungwa. Hakulia wala hakubisha. Alitazama nje, ilipo jakaranda ya langoni, akatazama karatasi, kisha akachukua kalamu ya machungwa.

Hapo ndipo hasara ilipo. Mtoto alikuwa na ushahidi wa macho yake mwenyewe, na katika dakika moja akajifunza kwamba macho yake hayahesabiki. Akikua asiamini anachokiona mtaani kwake mpaka akisome kimeandikwa na mtu wa mbali, tutashangaa nini?

Na mzazi naye anatumiwa ujumbe kwenye grupu ya WhatsApp: leta malenge ya plastiki. Anayanunua, ilhali malenge ya kweli yamelala sokoni. Tunayala na chai, na majani yake tunayaponda kwenye mukimo.

"Lakini watoto wanafurahi!" Ndiyo, wanafurahi. Mtoto hufurahia gundi, makasi, na mtu mzima aliyeweka simu chini akakaa naye. Furaha hiyo haitoki kwa popo. Mpe hayo matatu na mada nyingine, uone kama atalilia mizuka.

Mwalimu, jaribu hivi. Changanya rangi ya maji na matone ya sabuni ya vyombo, ili itoke kwa kitambaa kibichi. Msimamishe mtoto mbele ya kioo, afumbe jicho moja, afuatishe kwa kidole anachokiona: mti, tangi la maji juu ya paa, kamba ya nguo, wingu. Akipaka wingu kijani, usimsahihishe. Muulize ameliona wapi, halafu uangalie. Na kama Halloween ni lazima, nunueni malenge la sokoni, mlichonge, nyama yake mchemshe mle, mkisimulia habari za Ireland na tanipu zake. Hiyo ni elimu.

Nawe mzazi, ukikuta majani ya machungwa dirishani Oktoba ijayo, usiulize ni ya pepo gani. Uliza ni ya mti gani, na huo mti uko wapi.