Radhi Ziende na Barua ya Chifu

Hoja hii haiishi magazetini: binti mtu mzima akikosana na mamake, arudi nyumbani na leso na sukari, apige magoti, yaishe. Mzazi hakosei.

Wanaoiandika wapande matatu mpaka Runyenjes au Maua, waulize ugomvi ulianzia wapi. Si mara moja wataelekezwa kwenye barua ya chifu. Baba amefariki, mahakama inataka barua hiyo iwe na majina ya warithi wote, na mama, akiwa amezungukwa na wanawe wa kiume, anawataja wavulana na kuwaruka mabinti walioolewa. Binti anakuja kujua shamba likishapimwa. Hapo leso mpya itatibu nini?

Sheria ya Urithi ya Kenya, inayotumika tangu 1981, haimtengi binti aliyeolewa. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa mabinti wapunjwe eti kwa sababu huenda wakaolewa. Sheria hiyo hiyo inamlinda mama: mume asipoacha wosia, mjane hutumia mali iliyobaki maisha yake yote. Binti anayedai jina lake liandikwe hamfukuzi mamake kwenye shamba la chai.

Kweli, wapo mabinti wajeuri, wanaomkumbuka mama bonasi ya chai ikitoka. Lakini kumtaka aliyefutwa jina ndiye aombe radhi ni kumtoza faini aliyeibiwa.

Mama anayetaka bintiye arudi, basi na aanzie kwa chifu, na orodha kamili mkononi.