Dele si Pambo la Sebuleni

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaojipikia bia majumbani mwao, tena hawatosheki na kuipika tu, bali hujiundia wenyewe na chombo cha kuimiminia. Hutoboa jokofu kuukuu, wakatia kipipa ndani, wakafunga na mtungi wa gesi ya kuisukuma bia mpaka bombani. Kinywaji chenyewe si chetu na sitakisemea zaidi. Lakini bidii yao, wallahi, imenitia wivu. Wao wamekifanya chombo cha kumkirimia mgeni kuwa kazi ya fahari ya mwenye nyumba. Sisi tuna dele, na tumelifungia kabatini.

Wenyeji wa Mji wa Kale hapa Mombasa hawana haja ya kuelezwa dele ni nini. Hata mgeni anayekuja kuitazama Ngome hulikuta dele kubwa ajabu lililojengwa njiani kama sanamu. Wauza kahawa wangaliko, alhamdulillahi, na mlio wa vikombe vyao bado wasikika jioni. Ninayoyalalamikia mimi ni majumbani. Nyumba nyingi nizijuazo, dele la shaba limesimama juu ya rafu pamoja na vikombe vya kuchezea mpira, na kahawa ya wageni yatoka katika chupa ya plastiki. Nimeona na madele yaliyotobolewa chini yakatiwa waya, yakawa taa!

Kahawa hii haikupata heshima yake bure. Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 ili wapate kukesha katika dhikri. Mwaka 1511 Khair Bey aliipiga marufuku Makka kwa hoja kwamba yafanana na kileo, hadi amri ile ilipolegezwa kutoka Cairo, kwa Sultani Qansuh al-Ghawri. Na neno lenyewe, qahwa, Waarabu wa kale walilitumia kwa mvinyo. Basi kinywaji kilichotoka katika tuhuma kama hiyo kikaja kukaa mlangoni mwa msikiti, si jambo dogo.

Wengine hunijibu kuwa chupa ya moto ni rahisi, haina moshi wala majivu. Kweli, na kwa mtu anayemuuguza mgonjwa hospitali hakuna kinachoishinda. Lakini chupa huwekwa katikati, kila mtu akajimiminia. Dele lataka mtu wa kulishika. Barazani mtu huyo alikuwa kijana mdogo kuliko wote: amimine, asuuze kikombe, ampe mwingine. Kwa kazi hiyo alipata ruhusa ya kukaa miongoni mwa wazee, akasikia kesi za mirathi, habari za bahari na mabishano ya mashairi ambayo hakuna shule iliyomfunza. Tulipoondoa dele tulimwondoa na yeye, kisha twauliza vijana wa Kibokoni wanakaa wapi usiku.

Kwa hiyo nasema, kila mwenye baraza na ajitengenezee chake. Si kazi ngumu. Akiwa na dele la wazee, alipeleke kwa fundi kabla ya kulipikia, maana shaba tupu haifai kwa kahawa: ukali wa kahawa huimumunya shaba, na shaba hiyo huingia tumboni. Ndani lazima lipakwe bati safi, lisilochanganywa na risasi, na tundu zilehemiwe kwa bati hilo hilo. Bati huyeyuka kwenye joto la digrii 232 tu, hivyo dele lisiwekwe motoni likiwa kavu hata kidogo. Maji yakiwamo, halina wasiwasi.

Chini yake hufungwa kijiko cha makaa chenye matundu ya kupitisha hewa. Hapa ndipo wengi huharibu, kwani hujaza makaa yanayowaka, kahawa ikatokota saa nzima ikageuka dawa. Kahawa tungu hupikwa kwanza jikoni, buni iliyokaangwa na kutwangwa, tangawizi na iliki kwa kiasi apendacho mtu, ndipo ikatiwa deleni. Kazi ya makaa ni kuiweka moto tu. Vipande vichache vilivyofunikwa majivu vyatosha, na upepo wa kaskazi ukizidi, geuza matundu upande wa ukuta.

Jambo moja tu lisifanyiwe mzaha: dele la makaa mahali pake ni barazani, nje. Chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya mashine ya baridi hujaa hewa ya sumu ya makaa, isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Mvua ikinyesha, waingizeni wageni ndani na kahawa yao, makaa yaacheni ukumbini wazi.