Kumpiga Picha Tai Bila Kumsumbua

Watu wengi siku hizi wana kamera, na hata simu ya mfukoni huweza kupiga picha. Lakini mara nyingi mtu akirudi kutoka ziwani au porini, akawaonyesha jamaa zake picha ya tai, wao huona doa jeusi tu angani, wala hawawezi kujua kama ni tai, mwewe au kunguru. Mwenyewe huilaumu kamera. Kwa kweli kosa mara nyingi si la kamera. Ni la mtu asiyemjua ndege, asiyeujua mwanga, na asiyekubali kungoja.

Mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii katika Kenya ni Ziwa Naivasha, kwa sababu furukombe si wagumu kuonekana huko. Furukombe ni tai alaye samaki. Kichwa chake, kifua na mkia ni vyeupe, tumbo ni la hudhurungi iliyoiva, na mbawa ni nyeusi. Hukaa juu ya mgunga au mti mkavu ukingoni mwa maji, na sauti yake husikika mbali.

Rangi hizo ndizo mtego wa kwanza. Kamera huupima mwanga wa mahali pote kwa jumla, kisha hukadiria. Furukombe akiwa mbele ya miti yenye kivuli, kamera hudhani kwamba pote ni giza, nayo huingiza mwanga mwingi. Basi kichwa cheupe huungua kikawa kama karatasi tupu, pasionekane hata unyoya mmoja. Akiruka mbele ya anga jeupe, mambo hugeuka: kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na ndege hutoka mweusi kama mkaa. Kwa hiyo mpiga picha hana budi kuisahihisha kamera yake. Kwa kichwa cheupe mbele ya kivuli apunguze mwanga kwa daraja moja hivi. Kwa ndege aliye mbele ya anga auongeze kwa daraja moja au moja na nusu. Kisha aitazame picha ya kwanza na kurekebisha kabla ya kupiga ya pili. Cheupe kilichoungua hakirudi tena, hata fundi awe stadi namna gani.

Jambo la pili ni saa. Naivasha i karibu na Ikweta, na jua hupanda upesi. Tangu kucha hadi yapata saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi alasiri, mwanga hutoka ubavuni ukaingia mpaka chini ya mbawa na ndani ya jicho. Saa sita mchana jua liko utosini. Macho ya ndege huwa kama mashimo, na hewa ya joto ipandayo kutoka ardhini hukitetemesha kila kilicho mbali, hata lenzi ya thamani kubwa isiweze kutoa picha safi. Saa hizo zafaa kula na kupumzika.

Jambo la tatu ni kasi. Ndani ya kamera mna kilango kinachofunguka na kufungika, nacho huitwa shata. Kwa tai aliyetulia mtini, 1/500 ya sekunde yatosha, ikiwa kamera imeegemezwa. Kwa tai anayeruka yafaa 1/2000, wala isiwe polepole kuliko 1/1000. Mwanga ukiwa haba kwa kasi hiyo, ni afadhali kuongeza namba ya ISO, mathalani kutoka 400 hadi 800 au 1600. Maana picha yenye chembechembe bado ni picha, lakini iliyotikisika haina dawa. Lenzi ndefu ya milimita 400 au 500 humkuza ndege, lakini huukuza pia mtetemo wa mkono. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa maharage, ukiwekwa juu ya dirisha la motokaa, huishika lenzi vizuri sana, mradi injini imezimwa. Na shabaha iwe jicho. Jicho likiwa safi, mtazamaji husamehe ncha ya bawa iliyofifia. Jicho likififia, picha nzima imekufa.

Jambo la nne, ambalo wengi hulisahau, ni upepo. Tai hupenda kuondoka na kutua akiuelekea upepo, kama ifanyavyo ndege ya abiria. Mtu akikaa mahali ambapo upepo na jua vyote viko mgongoni pake, huenda tai akamjia uso kwa uso. Kabla ya kuruka, tai huinama mbele, na mara nyingi hutupa kinyesi. Hapo kidole kiwe tayari.

Mambo hayo yote hufunzwa na kungoja. Leslie Brown, afisa wa kilimo aliyekuja Kenya mwaka 1946, aliwachunguza tai wa kilima kimoja huko Embu kwa miaka mingi, na mwaka 1955 akatoa kitabu juu yao. Hakuwajua tai kwa kuwakimbilia, bali kwa kukaa na kutazama.

Asiyetaka kungoja hukimbilia kiotani, na hapo pana hatari kubwa. Furukombe hutaga yai 1 mpaka 3 tu. Mzazi akifukuzwa, mayai hupoa, au makinda huchomwa na jua, au hunyakuliwa na ndege wengine. Picha moja yaweza kugharimu uzazi wa mwaka mzima. Hata mpiga picha mwenyewe hayuko salama: mwaka 1937, huko Wales, Mwingereza Eric Hosking, aliyekuwa stadi wa kazi hii, alipigwa usoni na bundi karibu na kiota, akapoteza jicho la kushoto.

Kuna faida gani basi ya taabu yote hiyo? Mwaka 2015 shirika la IUCN liliwatia aina kadha za tumbusi wa Afrika katika orodha ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Miongoni mwao ni tumbusi wa Rüppell, ambaye miamba ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, imejulikana kuwa makao yake. Sababu moja kubwa ni sumu itiwayo katika mizoga ili kuwaua simba na fisi walao mifugo; tumbusi hula mzoga huohuo, wakafa kwa makundi. Picha safi huonyesha umri wa ndege kwa manyoya yake, na pengine namba ya pete iliyo mguuni. Ikiandikwa tarehe na mahali, huwa ushahidi kwa wataalamu. Na mfugaji aliyeliona jicho la tumbusi kwa karibu hukumbuka kwamba huyu ndiye amsafishiaye malisho bila kudai mshahara.

Mvumilivu hula mbivu. Picha iliyokosekana leo yaweza kupatikana kesho, mradi ndege yu hai.