Gisenyi: Mji wa Mpakani Chini ya Mlima wa Moto

Askari apatapo barua ya uhamisho kwenda Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, aghalabu swali la kwanza la mkewe ni hili: je, huko kuna baridi? Baridi ipo, lakini si ya kutisha. Mji huo u karibu mno na Ikweta, na kama ungekuwa usawa wa bahari ungekuwa na joto kama la Mombasa. Lakini uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na katika kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo sababu wastani wa joto hukaribia nyuzi 20 mwaka mzima. Mchana shati latosha. Usiku sweta yahitajika.

Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na nyingine Septemba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Udongo mweusi wa volkano hustawisha viazi, maharagwe, karoti na vitunguu, hata mama mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba hakosi mboga. Kutoka ziwani hupatikana sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959.

Mpaka na Kongo ulikubaliwa mwaka 1910 huko Brussels na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, wala wenyeji hawakuulizwa. Leo Gisenyi na Goma zimegusana, na maelfu ya watu huvuka kwa miguu kila siku kwenda sokoni. Mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470, uko upande wa Kongo, lakini ghadhabu yake haina pasipoti. Ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Mara hii ya mwisho, lava ilikoma pembezoni mwa Goma, lakini matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua nyumba na barabara za Gisenyi.

Atafutaye nyumba ya kupanga na atazame mto Sebeya kwanza. Mto huu hushuka kutoka milima ya Gishwati, ambako msitu mkubwa ulifyekwa kwa miaka mingi, hivyo mvua huteremka kwa kasi pamoja na udongo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulifurika. Usiku huo mafuriko na maporomoko katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini yaliua watu zaidi ya 120. Kwa maoni yangu, nyumba ya bondeni yenye kodi ndogo ni ghali mno.

Liko na jambo lisiloonekana. Upande wa Goma, hasa magharibi mwake, hewa ya kaboni hutoka ardhini. Wenyeji huiita mazuku. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni, zaidi usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita salama mahali ambapo mtoto, ambaye pua yake iko chini, atazimia. Mwenye jamaa wa kuwatembelea huko awakataze watoto kucheza mabondeni, na mbuzi akionekana ameanguka shimoni, asifuatwe.